Mke Mwenza wa Agnella

Theodori wa Lupiro aliangushwa na daraja. Si kwamba lilimporomokea, hapana. Daraja la mto Kilombero ni zima hadi leo, na malori ya mpunga yanapita juu yake kwenda Ifakara kama kawaida. Kilichoanguka ni kazi yake. Tangu ndevu hazijamwota alikuwa mpiga kasia. Kivuko kikiharibika, au mafuriko yakifunga njia za bondeni, watu walimkimbilia yeye na mtumbwi wake: mama mwenye uchungu wa kuzaa, padri anayewahi misa, mwenye kuku, mwenye maiti. Wote aliwavusha. Siku daraja lilipofunguliwa alicheza ngoma mpaka jasho likamtiririka, maana ni nani mwenye akili timamu atalichukia daraja? Lakini aliporudi nyumbani aliupindua mtumbwi uani, akakaa juu yake, hataki kusema na mtu. Mkewe, Agnella, akampelekea ugali pale pale.

Miaka ikapita akilima mpunga. Hakuwa mkulima mbaya, ila ukimsalimia alikujibu nusu nusu, macho yake yakiwa mtoni. Ndipo akaja Mama Hilda na farasi wake. Huyu alikuwa mzungu mzee, aliyekaa Iringa muda mrefu kuliko alivyokaa kwao, na Kiswahili alikimudu mpaka matusi. Kila kiangazi, majani ya bondeni yakishachomwa na ardhi ikikauka, alishusha farasi kwa malori, akapiga kambi upande wa Lupiro, na wageni wake wakaja kutembea bondeni juu ya farasi. Pale kijijini watu walicheka hadi basi. Mtu anapanda ndege aje kukaa mgongoni mwa mnyama, azunguke, kisha arudi pale pale alipoanzia! Lakini Mama Hilda alitaka mtu anayelijua bonde, na kila aliyemwuliza alimtaja Theodori.

Akakabidhiwa farasi jike, mwili mweupe, kichwa cheusi mpaka shingoni. Vijana wa kambi walimwita Sista, kwa sababu ule weusi ulikaa kama ushungi wa watawa. Theodori alimwogopa mno. Weee! Mtu aliyezoea kupita katikati ya viboko na mtumbwi wa gogo moja, leo anatetemekea mnyama wa kufugwa! Sista hakuwa na haraka naye. Alimnusa mifukoni, akampumulia shingoni, na asubuhi moja akalaza kidevu begani kwake na kutulia. Bega lilimuuma, lakini Theodori alisimama vile vile, hathubutu kusogea. Tangu daraja lije hakuwahi kujiona anahitajika na kiumbe chochote namna ile.

Kuanzia hapo alibadilika. Alijifunza kumpanda, kumsugua, kumchokonoa kwato, kumpaka dawa ya kuzuia ndorobo, na kumfukizia moshi wa samadi jioni wale inzi wasimsumbue. Akaanza tena kuongea. Kila Jumamosi alirudi nyumbani ili asubuhi aende misa na mkewe, na habari zake zote zilikuwa Sista. Sista amefanya hivi, Sista amekataa vile. Agnella alimsikiliza huku akichambua mboga, kisha akamkata kauli.

"Baba Fausta, mke mwenzangu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimu."

"Ananisalimu! Kaninyang'anya mume, halafu ananisalimu."

Hivyo ndivyo walivyotaniana. Lakini Jumapili jioni Theodori alipofunga safari, Agnella alimfungia pumba za mpunga katika kiroba, amezipepeta mwenyewe mpaka hakuna jiwe. "Mpelekee mwenzangu," alisema, "asije akasema bi mkubwa mchoyo." Mwenyewe kambini hakuwahi kufika. Aliogopa kukanyagwa, na mashamba nayo hayamwachi mtu. Nitakuja tukishavuna, alisema. Walivuna, akasema nitakuja tukishapanda. Ni vile tu, kila mtu anajua mambo haya yanavyokwenda.

Kambini palikuwa na sheria moja ambayo Mama Hilda aliirudia mpaka watunza farasi wakawa wanaitamka pamoja naye. Farasi akigoma kukanyaga mahali, shuka. Tangulia wewe kwa miguu, na fimbo, upime chini. Theodori naye aliitamka, na aliwafundisha wengine.

Basi, kiangazi hiki akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, dada mmoja aitwaye Dativa. Alikuwa amemzika mama yake baada ya kumuuguza muda mrefu, na ndugu zake wakamchangia mapumziko wakimwambia aende mahali pasipo na kelele. Alimwamkia Theodori shikamoo, akapandishwa juu ya farasi mpole wa kahawia, wakatoka wawili. Theodori alimpeleka kuwaona sheshe, wale swala wa bonde la Kilombero, ambao mtu wa miguu humkimbia lakini farasi humwangalia tu na kuendelea kula. Walipita katikati yao. Dativa alilia kimya kimya, na Theodori akatazama mbele, asimwaibishe.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa kali na Dativa alianza kuyumba kwenye tandiko. Njia ya kambini ilikuwa ile ya ng'ombe, inayozunguka mbali kwenye ardhi ngumu. Njia ya mkato ilikatwa na mfereji, moja ya zile tanzu za mto ambazo kiangazi hubaki maji kidogo. Theodori aliujua mfereji ule toka ujana wake. Upande mmoja maji yalikimbia yakipiga kelele, na upande wa pili yalikuwa yametulia tuli.

"Tutavukia hapo palipotulia, mwanangu," alisema. "Utapumzika mapema."

Na hapo ndipo mpiga kasia alipokosea. Kwa mtu wa mtumbwi, maji yanayokimbia ni ya kuogopa na maji tuli ndiyo ya kuvukia. Maisha yake yote alisoma uso wa maji. Ya chini hayakumhusu, maana mtumbwi ukigusa chini kazi imeharibika. Lakini farasi haelei, anatembea. Penye mkondo pana mchanga mgumu, na palipotulia ndipo tope la miaka na miaka limelala. Theodori hayo aliyajua vizuri, na angeulizwa angejibu. Hakuulizwa, na mazoea yakamtangulia.

Sista aligoma. Alifika ukingoni, akainamisha kichwa, akanusa yale maji, akarudi nyuma. Theodori akamgusa kwa visigino. Akarudi nyuma tena, masikio yamelala.

"Twende, mama," Theodori akamwambia, akimpapasa shingo. "Hapa ni kwetu. Nimevusha watu hapa wewe hujazaliwa."

Angeshuka, jamani! Fimbo alikuwa nayo mkononi. Lakini nani, Theodori, ashuke apime maji ya mfereji ule kama mgeni? Akamgusa mara nyingine, na Sista akaingia. Aliingia kwa sababu aliyemwomba ni yeye.

Akazama mpaka kifuani. Theodori alirushwa upande, akaibuka ametapakaa tope, akamsikia Sista akitoa sauti ambayo hajawahi kumsikia nayo. Farasi wa kahawia alibaki ukingoni na mgeni wake, salama. Kila Sista alipojitutumua alididimia zaidi, na katika kule kujitutumua mguu wa mbele ukanasa kwenye gogo lililozama. Dativa alishuka, akapiga simu kambini, kisha akavua viatu, akaingia kwenye tope na kumshika Sista kichwa ili pua zake zibaki juu. Hakuambiwa na mtu.

"Nenda katafute watu, baba," alisema. "Mimi niko naye."

Theodori alikimbia mpaka kwenye boma la wafugaji wa Kisukuma, nao hawakuuliza maswali mengi. Walikuja na maksai na kamba, wakampitishia Sista kamba kifuani, wakamvuta taratibu mpaka nyasi kavu. Watu walishangilia. Theodori alipiga magoti, akaanza kumfuta tope kwa shati lake, machoni, puani, shingoni, akimsifu kwa sauti. Alipofika mguu wa mbele mkono wake ukasimama. Mfupa ulikuwa nje.

Mama Hilda akafika na gari, na daktari wa mifugo kwa pikipiki. Daktari aliinama, akatazama, akainuka akitikisa kichwa. Mama Hilda alimtazama Theodori.

"Aligoma?"

Theodori angeweza kusema hapana. Maji hayasemi, na Dativa asingemchongea.

"Aligoma, mama. Nikamlazimisha."

Mama Hilda alifumba macho kidogo. Hakumtukana, na Theodori alitamani sana atukanwe. "Basi mshike kichwa," alisema. "Amekuzoea wewe."

Akamshika. Sista alilaza kidevu begani kwake, pale pale pa siku zote, na daktari akachoma sindano. Bega lilizidi kuwa zito, zito, mpaka Theodori akalala chini pamoja naye.

Asubuhi yake wanaume wa kambi na wale wa boma walichimba kaburi ukingoni mwa mfereji. Walichimba wakinung'unika kidogo kwa nyama yote ile kwenda bure, lakini nyama yenye dawa ile hailiki, na kaburi la farasi ni kubwa, si mchezo. Theodori alichimba kuliko wote. Hakula, hakulia, hakumjibu mtu. Ukimwangalia ungesema ni yule yule wa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na Dativa, aliyekataa kuondoka kabla ya mazishi, alimwangalia kwa hofu.

Ndipo ikasikika bodaboda. Akashuka mwanamke amejifunga kanga kiunoni kwa mkazo, namna wanawake wanavyojifunga wakienda msibani, na kichwani ana kiroba. Alimpita mumewe. Alikwenda mpaka pale alipolazwa Sista, akatua mzigo, akakaa chini ardhini, miguu ameinyoosha mbele. Kijana mmoja akacheka puani.

"Mama huyu anamlilia farasi?"

"Ni mke mwenzangu," Agnella akasema. "Nyamaza."

Waliokuwa na kofia wakazivua, hata yule daktari. Theodori akaja taratibu, akasimama pembeni yao, jembe mkononi.

"Ndiye huyu, Mama Fausta," alisema. "Ndiye huyu Sista."

Agnella alimtazama yule mnyama tangu kichwa mpaka mkia. Akanyoosha mkono, polepole, kwa woga ule ule wake wa siku zote, akamgusa paji la uso. Mkono haukutoka.

"Kumbe ni mlaini hivi," alisema. "Miaka yote hii nakupa chakula, mwenzangu, halafu nakuja kukuona leo."

Hapo Theodori akaangua kilio. Alilia kwa sauti, mbele ya Wasukuma, mbele ya mgeni, mbele ya vijana wake wa kazi, akisema alikataa, Mama Fausta, alinikatalia na mimi nikamsukuma. Agnella hakumwambia si kosa lako, maana lilikuwa kosa lake. Alifungua kiroba, akamwaga pumba kwenye kona ya kaburi, pale kichwa kitakapolala. Kisha akavua kanga ya mabegani akamfunika Sista uso, akaikunja vizuri pande zote.

"Lia umalize," alimwambia mumewe. "Halafu mshike kichwa, sisi tutashika miguu."