Mlenda wa Raheli

Nakumbuka swali kuliko ninavyoikumbuka siku yenyewe. Tulikuwa tumepiga magoti kwenye mawe ya kusagia, mimi na mke wa kaka yangu, tukisaga uwele. Mtoto wake alikuwa amelala kifudifudi juu ya kanga, kwa sababu hakuweza kulazwa chali. Raheli akaacha kusaga, akaniuliza, "Wifi, wewe uliyesoma, niambie. Nimemfanya nini mtoto huyu?"

Mwanangu, siku ile nilikuwa na maneno mengi kinywani, lakini jibu sikuwa nalo.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kwetu Ulemo kutoka chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa, ambako wasichana tulikuwa wa kuhesabika. Kijiji kizima kilijua kwamba nimerudi na ugonjwa wa kuuliza. Nilimwuliza mwinjilisti yule Kaini wa Biblia alimpata wapi mke. Nilimwuliza jumbe kodi ya kichwa inakwenda wapi. Baba mdogo alizoea kusema mbele ya wageni, "Huyu tulimpeleka akatuletee majibu, ametuletea maswali," na watu wakacheka. Nami nilicheka nao, maana nilidhani nasifiwa.

Raheli alitoka Mwankoko, kwa Wanyaturu, kule karibu na mji wa Singida. Kaka yangu Msengi alimwona alipokwenda mnadani, akarudi hasikii la mtu. Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Usidhani bibi arusi yule aliingia katika nyumba ya chuki. Mama alimpenda. Hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo, kwa kuwa chuki ningeielewa upesi zaidi.

Mama alikuwa na fahari moja: nyumba yenye ng'ombe hailishi bibi arusi majani. Mlenda, mboga ya majani yenye utelezi, ulikuwa chakula chetu sisi wa nyumbani na wachungaji. Mke mpya, mpaka azae mtoto wa kwanza, alipewa ugali wa uwele kwa maziwa, samli, na nyama ilipopatikana. Majirani wakipita wamwone midomo inang'aa, wakaseme huko waendako. Sasa Raheli alikuwa amelelewa kwa mlenda. Aliuomba mara moja, kwa haya, siku za mwanzo kabisa. Mama akacheka, akamwambia, "Unataka wenu wasikie tumekuweka na njaa?" Hakuomba tena. Mgeni hali alichotaka, hula alichopewa.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa masika, wa kiume, wakamwita Yona. Uso wake ulikuwa wa Msengi mtupu. Lakini chini ya mgongo alikuwa na uvimbe uliofunikwa na ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, umelowa daima, na miguu yake haikurusha teke hata moja. Nilipofika likizo, kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kukua kupita mwili.

Majibu yalikuwa mengi kuliko watu. Mama alisema Raheli alimcheka mzee mmoja kiwete aliyekuwa akipita kuomba tumbaku, na hujafa hujaumbika. Nikamwuliza, katika kijiji hiki nani hakumcheka mzee yule utotoni, na mbona dada zangu wote wamezaa watoto wazima? Mwinjilisti alisema ni dhambi. Nikamwuliza ya nani, na kwa nini alipe huyu asiyejua hata kuketi. Mganga alisema mizimu ya Mwankoko imemfuata binti yao. Nikamwuliza mbona haikumfuata dada yake, naye ameolewa mbali vilevile. Dresa wa zahanati, mtu mpole, alisema huenda ni damu chafu, ugonjwa wa zinaa, na kwa neno hilo wanawake kisimani wakaanza kumtazama Raheli kwa jicho jingine. Nikamwuliza kama ameipima damu hiyo. Hakuwa ameipima.

Kila jibu nililoliangusha nilijiona nimemtetea wifi yangu.

Siku moja nilitoka kubishana na Mama uani, nikapita kwa Bibi, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amempakata Yona, anamkanda ile miguu kwa samli, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kupata matokeo. Akaniuliza, "Umemaliza kubomoa?"

"Nimesema kweli, Bibi."

"Sikukuuliza kama umesema kweli. Kila nyumba waliyomjengea umeibomoa. Zilikuwa mbovu, hata mimi kipofu naziona. Sasa mvua ikinyesha, alale wapi?"

Nikasema ni afadhali kukosa jibu kuliko kushika jibu la uongo. Bibi akaendelea kukanda. Akasema hayo ni maneno ya mtu asiye na mtoto mgonjwa. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Nikaondoka nimekasirika. Nilikwenda kumsaidia Raheli kusaga, na hapo ndipo aliponiuliza lile swali.

Nikaendelea kusaga. Akasema, "Basi mimi najua."

Akanieleza bila kuinua macho. Mimba ilipoanza kucheza tumboni, mvua zikiwa bado hazijanyesha, Mama alikwenda kanisani akaacha mlango wa ghala wazi. Raheli akachota mlenda mkavu kwenye kibuyu, akaupika peke yake, akaula wote, akalamba na chungu.

"Mtoto alicheza sana siku ile," akasema. "Nilidhani anafurahi."

Nikamwambia mlenda tunakula sote humu ndani na migongo yetu ni mizima.

"Ninyi hamkuuiba, wifi."

Mwanangu, watu husema uongo hupita kwa nguvu. Mimi nimeuona ukipita kwa sababu nilikuwa nimebomoa majibu yote, mlango ukabaki wazi na ndani hapana mtu. Raheli alikwenda mwenyewe kumwambia Mama. Nadhani alikuwa amechoka kutafutiwa kosa, akaona heri alitoe lake mambo yaishe. Mama alilia, akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa kufunua. Bibi arusi aliyeiba chakula akiwa na mimba, na mtoto akatoka hivi: nani angetafuta zaidi?

Wazee wa ukoo wakakaa kuamua kama Raheli abaki au arudi kwao. Mimi, msichana, niliruhusiwa kusema kwa sababu ya shule. Nikasema yote: kwamba wizi hauingii tumboni, kwamba hakuna aliyethibitisha lolote, kwamba tunamfukuza mtu kwa kijiko cha mboga. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka hata kidogo. Kisha akauliza, "Kama si mlenda, ni nini?"

"Sijui."

"Basi keti, mwanangu. Asiyejua huketi."

Niliketi. Msengi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Yona alifariki watu wakiwa shambani wanakata uwele. Tulimzika asubuhi, na Raheli alikuwa wa mwisho kuondoka pale. Haukupita muda kaka yake akaja kumchukua, kama wazee walivyoamua. Mama alimfungia kibuyu cha samli, kilichojaa, ili asije akasema mtu kwamba alitoka kwetu mikono mitupu. Hata katika kumfukuza, walimheshimu. Nilimsindikiza hadi njia panda. Aliniambia, "Ukijua, uje uniambie." Nikasema nitakuja.

Miaka ikaenda. Nchi ikapata uhuru, nikafundisha, nikazaa, nywele zikabadilika rangi. Niliendelea kuuliza kila daktari niliyekutana naye, hata waliokuja shuleni kwa mambo mengine. Siku zile za ujana wangu hata wao wasingeweza kunijibu. Nilikuwa mzee tayari nilipoelezwa nikaelewa.

Ulemavu ule huitwa mgongo wazi, na mara nyingi huja na kichwa kikubwa. Kuna kirutubisho ambacho mwili wa mama unakihitaji ili mgongo wa mtoto ufunge sawasawa. Kinaitwa asidi ya foliki, nacho hupatikana katika majani mabichi, katika maharage, katika kunde. Anayekikosa yuko katika hatari kubwa zaidi. Na mgongo huo hufunga, au hukosa kufunga, katika mwezi wa kwanza wa mimba, wakati mama mwenyewe mara nyingi hajajua kama amebeba.

Mlenda ule wa wizi ulichelewa kwa miezi mitatu au minne. Usingeweza kumdhuru Yona, na kumwokoa pia usingeweza tena.

Sisemi kwamba majani peke yake yangemponya. Wapo wanaozaliwa hivyo ingawa mama zao walikula vema, na chanzo si kimoja. Tena mlenda wetu tulioukausha na kuuchemsha kwa magadi ulikuwa umepoteza mengi. Nasema tu kwamba tulimtafutia Raheli kosa kila mahali, tusitazame sahani tuliyompa kwa upendo.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, lakini usiniamini kwa ajili ya mvi, nenda ukaulize. Ukifikiria kubeba mimba, usisubiri mpaka ubebe. Nenda kituo cha afya uombe vidonge vya asidi ya foliki mapema, na uendelee navyo kama watakavyokuelekeza. Ikiwa katika uzazi wako ameshapatikana mtoto wa namna hii, liseme bila kuona haya, maana kipimo chako cha dawa hakitakuwa sawa na cha wenzako. Kama una kisukari au unameza dawa za kifafa, zungumza na daktari kabla ya mimba, na dawa usiziache kwa kujiamulia. Kula mboga za majani, usizichemshe mpaka zife. Pombe iache, hata ile ya mtama tunayojidai ni chakula, na sigara pia. Usimeze dawa yoyote, ya dukani au ya mganga, kabla ya kuuliza. Nawe mwanamume unayenisikia, msindikize mkeo, na mama yako akianza kutafuta kosa usitazame vidole vya miguu. Na akizaliwa mtoto mwenye mgongo wazi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Siku hizi upasuaji upo, sisi hatukuwa nao. Mama yake usimwulize alifanya nini. Keti naye, umkande mtoto miguu.

Mungu akupe tumbo lenye heri na watu wa kukusitiri mvua inaponyesha. Akujalie watoto wa kurusha mateke, na asiyeweza kurusha umpende vilevile.

Nilikwenda Mwankoko kutimiza ahadi yangu. Mdogo wake Raheli alinipokea, akaniambia dada yake alizikwa masika yaliyopita. Alikuwa ameolewa tena, ameacha binti watatu, wote wa umri wa kuzaa. Wakanikaribisha chakula, ugali na maziwa. Yule mdogo mtu akaniomba radhi kwamba mboga hakuna. Akasema mlenda haupikwi katika nyumba hiyo. Marehemu aliapa kutouonja tena maisha yake yote, na binti zake amewalea hivyohivyo.