Ndani ya Mkonge au Kando Yake

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mkalimani wa mahakama ya Voi. Hakimu alikuwa Mzungu ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kuagiza chai, kwa hiyo kila neno la shahidi lilipitia kwangu.

Asubuhi moja aliletwa mjane kutoka Marungu. Alishtakiwa kwamba mbuzi wake waliingia katika shamba la mkonge la Mzungu mmoja wakala miche. Mbuzi wenyewe walikuwa wamezuiliwa huko shambani.

Hakimu aliuliza mbuzi walikuwa wapi siku ile. Nikamuuliza mama.

"Walikuwa shambani," akajibu.

Nilifungua kinywa nitafsiri, nikakwama. Kiswahili kilikuwa kimemaliza kazi yake kwa "ni" moja tu pale mwishoni mwa neno. Kiingereza kilitaka zaidi. Nikisema "in", mbuzi wako ndani na mama amekiri kosa. Nikisema "at", huenda walikuwa wamesimama tu kando. Shuleni, kule kwetu milimani, tulichapwa kwa kuchanganya maneno hayo mawili, lakini aliyeumia alikuwa ni mwanafunzi mwenyewe.

"Amesema nini?" hakimu akauliza.

Niliomba ruhusa nimuulize tena. Alikunja uso, akakubali.

"Mama, shambani ndani, au shambani kando?"

"Ndani wangeingiaje, na kuna waya? Walikuwa pale wayani."

Nyapara aliyewakamata, ambaye alikuwa shahidi wa mwenye shamba, alisimama bila kuitwa. "Ni uongo! Walikuwa wanakula miche!"

Hakimu akamwamuru aeleze aliwakuta upande gani wa waya.

"Miguu ilikuwa nje," nyapara akasema. "Midomo ndiyo ilikuwa ndani."

Watu walicheka, na askari wa mlangoni akawanyamazisha huku naye akificha meno. Mimi nilitafsiri bila kucheka: mbuzi walisimama "at the fence", yaani penye waya, midomo ikiwa "through it", yaani imepenya. Hakimu aliandika, akasita, akasoma alichoandika. Kisha akasema kwamba shtaka lilikuwa la kuingia, na mbuzi ambaye miguu yake iko nje hajaingia. Mwenye shamba arekebishe waya wake. Mama arudishiwe mifugo.

Nilipotoka kunywa maji nilimkuta mama akinisubiri kivulini. Nilidhani anataka kunishukuru.

"Mwanangu, mbona uliniuliza mara mbili? Ulidhani nasema uongo?"

"Hapana, mama. Kiingereza hakina 'shambani'. Lazima uchague."

Alinitazama kama mtu anayepima iwapo anachezewa.

"Lugha ya watu wenye waya," akasema, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kuchukua mbuzi wake.

Mimi nikarudi ndani. Shahidi wa kesi iliyofuata, mtu wa Maungu, alikuwa tayari ameapishwa, akaanza kueleza jinsi alivyopigwa "barabarani".