Hina Iliyogeuka Mchicha

Binti yangu anaposawazisha rangi za skrini yake ya picha, chumba huwa kama cha mgonjwa. Pazia hufungwa, taa huzimwa, nami huambiwa nisikohoe, ingawa sijajua kikohozi huharibu rangi gani. Skrini huwashwa nusu saa kabla, ipate moto. Kisha binti hutundika mbele yake kidude cheusi cha kupimia rangi, mfano wa panya asiye na mkia, nacho hukaa pale kimya huku kioo kikibadilika chini yake: nyekundu, kijani, buluu, kijivu cha kila namna. Kidude hupima, kompyuta hurekebisha. Mwisho wake, nyekundu unayoiona ndiyo itakayotoka kwenye karatasi.

"Baba, usiguse vitufe," aliniambia siku ile akivaa koti la kazini.

"Nina wazimu?"

Sikuwa na wazimu. Nilikuwa na kiburi. Nilipiga picha Mombasa miaka thelathini, katika studio ya chumba kimoja, na kipimo changu kilikuwa jicho na dirisha. Picha ikikauka naipeleka dirishani, naitazama, nasema imeiva au bado. Niliishia kidato cha nne, lakini jicho langu nililihesabu lina shahada.

Huku ughaibuni tunakoishi, binti yangu huhudumia wazee katika makao yao ya kutunzwa kule Inver Grove Heights, na mimi hubaki nyumbani Eagan na birika la chai. Picha zilizokuwa kwenye skrini zilikuwa za kazi yake kubwa ya kwanza ya kupiga picha: harusi ya watu wa kwetu pwani, wauza nguo wa mtaa wa Frogtown. Na kwa watu wa kwetu, albamu hufunguliwa na wanawake, na wanawake huanza na mikono ya bibi harusi. Uso baadaye. Hina ikikolea, amependeza. Ikipauka, watu watasema mpaka mtoto wa kwanza azaliwe.

Basi nikafungua pazia, kama nilivyozoea. Nje theluji ilikuwa imejaa mpaka kwenye vioo vya magari, na mwanga wake ukaingia chumbani wote kwa mpigo. Nikaitazama hina. Imepauka! Panya amedanganya, nikasema, na nikaongeza nyekundu kwa vitufe mpaka ikakolea vizuri. Kisha nikafunga pazia na kurudi kwenye chai yangu, nimejaa furaha ya mtu aliyemsaidia mwanawe.

Binti yangu alirudi amechoka, akaona watu wote wa harusi wameiva kama nyanya. Skrini alikuwa ameipima asubuhi ile ile, kwa hiyo hakuishuku. Akashuku picha. Akapunguza nyekundu, moja baada ya nyingine, picha zote, akazipeleka kuchapishwa.

Albamu ilipofika Frogtown, shangazi wa bibi harusi alipiga simu. Sauti yake niliisikia nikiwa jikoni.

"Mwanangu, sisi tulimpaka bibi harusi hina. Wewe umempaka mchicha?"

"Shangazi, samahani, nita…"

"Na bwana harusi, maskini! Mtu atasema ameoa akiwa na kichefuchefu!"

Nilicheka kwanza. Hilo nalikiri. Halafu nikaelewa kilichotokea, kwamba nyekundu niliyoiongeza mimi kwenye skrini yeye ameiondoa kwenye picha, na nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakokujutia kuliko vitufe. Siku nne nilimwona akiyapima macho yake kwa majaribio ya rangi kwenye simu, akiziba moja, akiziba la pili. Akaniambia hana jicho la kazi ile, labda hajawahi kuwa nalo, na kwamba ataiuza skrini na kamera na kuongeza zamu. Nikamwambia ale kwanza.

Siku ya tano nilimkuta anaiingiza skrini kwenye boksi lake.

"Mama," nikasema, maana ana jina la mama yangu, "macho yako hayana neno. Niligusa vitufe."

Akasimama na utepe wa gundi mkononi.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Labda tatu."

"Baba."

"Tisa."

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. "Siku nne umeniacha nijiite kipofu," alisema, akanipa simu. "Mwambie shangazi."

Nikamwambia yote, dirisha, theluji, tisa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wewe ndiwe bwana mchicha!"

"Ndimi, dada."

"Na huko Mombasa ulikuwa na studio?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi sasa najua kwa nini kwenye picha ya harusi yangu mume wangu ni mweupe kuliko ukuta. Kama hukuwa wewe, alikuwa ndugu yako. Mwambie mtoto achapishe upya, na wewe kaa mbali na mashine za watu."

Skrini ikarudi mezani. Pazia likafungwa. Binti yangu akanikalisha kwenye kiti, mikono chini ya mapaja, kama mtoto wa madrasa, nikatazama rangi zote zikipita chini ya kile kidude mpaka ya mwisho. Kisha akafungua picha ya mikono ya bibi harusi. Zamani angeniuliza: baba, imeiva? Nami jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, Mungu anisamehe.

Aliinama, akaitazama muda mrefu.

"Imeiva," akasema, akaipeleka kuchapishwa bila kunigeukia.