Viazi Vimepona

Leo mchana, kwenye kiwanda cha jinzi huku Xintang, China, mama mshonaji alinisogezea bakuli lake. Nilikuwa nimechoka kusubiri mzigo ambao tangu juzi ni wa “kesho”. Ndani mlikuwa na viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti, vimekaangwa kwa siki na pilipili. Nilikula kidogo nikaacha. Si shibe, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshafika Njombe.

Sisi tumekuzwa na viazi. Asubuhi vya kuchemsha na chai ya rangi, mchana na maharage, na jioni Bibi akitaka kutudekeza anavifukia kwenye majivu mpaka maganda yapasuke. Hata kanisani mikono yetu ilinukia udongo.

Sasa siku moja shuleni mwalimu wa historia akatuandikia ubaoni kwa nini Wazungu walihamia Amerika enzi za viwanda. Ardhi haitoshi, mashine zimewanyang'anya mafundi kazi, dini zao zinabughudhiwa. Tulikariri vizuri tu mpaka tulipofika kwenye viazi vya Ireland kuoza, darasa zima likaangua kicheko. Mzungu akimbie kwao kisa kiazi! Mwalimu mwenyewe alicheka.

Jioni nikamsimulia Bibi, nikitegemea naye acheke.

“Majani yalianza kuwa meusi?” akauliza.

Nikasema hatujafundishwa. Aliacha kumenya, akatoka na kisu chake mkononi kwenye mvua, akakagua shamba tuta kwa tuta. Aliporudi ameloa chapachapa alisema tu, “Njaa haichagui rangi, mama.”

Mwaka niliomaliza shule, majani yetu yakawa meusi. Harufu ya ule uozo sijaisahau. Nikaenda kuuza mitumba Makambako, kisha Kariakoo, kisha huku. Siku ya kuaga nilimwambia Bibi, “Viazi vikipona nitarudi.” Nilikuwa nambembeleza tu.

Mama mshonaji, naye katoka kijiji cha milimani mbali sana, huniuliza kila mara narudi lini kwetu. “Mingnian,” namjibu, yaani mwakani. Neno hilo la Kichina nalitamka bila kujikwaa.

Shamba lile sasa ni parachichi tupu. Wajomba walisawazisha matuta yote. Bibi hatoki tena nje, na jina langu limeshampotea. Ila kila Jumapili wakimwekea simu sikioni, kwa sauti iliyokonda, ananiambia lile lile: “Viazi vimepona, mama. Rudi.”

Na mimi, niliyepata vema zote kwenye swali la sababu za watu kuhama, nakosa hata sababu moja ya kumpa.