Kibuyu Kilichokwenda na Maji

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze polepole, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Nilipotoka Eldoret kumtembelea binti yangu aliyeolewa Norwe, nilibeba kibuyu cha marehemu mama yangu. Nilitaka kumwandalia mama mkwe wake mursik, maziwa yetu ya mala yanayotiwa mkaa wa mti uliosagwa. Mama huyo na mimi hatukuwa na lugha moja. Kibuyu ndicho kingenisemea.

Kijijini kulikuwa na nyumba chache za mbao, na mbele yake maji membamba yakikimbia kati ya mawe na kisiwa. Mimi ni mtu wa Ainabkoi, kule nyanda za juu karibu na Eldoret. Maji yanayokimbia nayaita mto. Basi siku mama mkwe alipotarajiwa kuja kututembelea, kwa vile nyumba ilikuwa na joto, nilikiweka kibuyu kilichojaa mursik ukingoni, katikati ya mawe mawili, kipoe kama tulivyofanya nyumbani.

Niliporudi, mawe hayakuonekana. Kibuyu pia.

"Mama, huo si mto! Ni bahari!" binti yangu akapiga kelele.

"Bahari gani inakimbia hivi kama imechelewa kanisani?"

Nilikuwa nikilia. Mama mkwe, aliyekuwa amefika tu, alitazama maji, akatazama saa yake, akasema neno moja.

"Anasema keti," binti yangu akatafsiri.

Tukaketi kwenye gogo, mama mkwe na mimi. Maji yakapunguza mbio, yakazidi kupunguza, yakasimama. Mawingu yalilala juu yake, na nyumba zikaning'inia humo kichwa chini. Sikujua kama niko macho. Kisha mwani ukainama upande wa pili, taratibu, na maji yakaanza kurudi yalikotoka.

Tulikaa sana. Mawe yangu yalipochomoza, kibuyu kilikuja kikitikisa kichwa kama mzee anayesalimia watu. Mama mkwe alikiopoa kwa wavu wa mpini. Kifuniko kilikuwa bado kimekaza. Nikammiminia.

"Anauliza, haya meusi ni ya bahari?"

"Mwambie ni ya mti wetu."

Akakunja uso, akameza, akanyoosha kikombe tena.

Kwa hiyo ukifika kwenye maji usiyoyajua, chomeka kijiti pale yanapofikia, uketi, na usiweke chako chochote hadi uyaone yakigeuka.