Shimo Nyuma ya Tanuri la Matofali

Inasemwa mtaani kwetu kwamba marehemu mume wangu aliwasingizia mbwa wa mdogo wake kwa sababu ya wivu. Wengi wanaosema hivyo hawakuwepo. Aliyewaanzishia maneno hayo alikuwepo, ndiyo maana nimeona niandike. Mume wangu hakuwa na wivu na mtu. Hata mimi mkewe sikubahatika kuonewa huo wivu.

Alikuwa bwana nyama wa wilaya, yaani afisa wa wanyamapori. Mifugo ikiuawa mahali, yeye ndiye aliyeitwa kusema ni mnyama gani. Watu walimpachika jina la Bwana Mashimo, maana mara nyingi walimkuta amelala kifudifudi, kichwa shimoni, viatu nje. Nyumbani, taya za wanyama zilikaa kabati moja na vikombe vya wageni. Vinyesi vilivyokauka alivitia kwenye chupa za jamu, na mama mkwe wangu akaacha kabisa kula jamu kwetu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi sekondari, kwa hiyo sikuona aibu. Niliona fujo tu. Alipenda kuniambia kwamba chui hula kwa adabu na kubakiza, ila fisi hula chakula na sahani.

Sasa hilo jambo lenyewe. Mbuzi wa jirani yetu, fundi cherehani, waliuawa zizini na kuachwa hapo hapo na nyama yao. Asubuhi watu wakagundua shimo kubwa nyuma ya tanuri la matofali, na mdomoni pake mifupa imetapakaa. Basi, wakasema, fisi huyo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwenye bucha, ndiye aliyetangulia na dumu la mafuta ya taa ili shimo lichomwe.

Nilifuatana na mume wangu. Aliwaomba wasubiri, akaketi chini kwenye vumbi, akaokota mfupa na kuupitishia kidole gumba taratibu. Kisha akanipa mimi. Michirizi ya meno ilikuwa imejipanga sawasawa, kama iliyochorwa kwa kitana. Akawaeleza kwamba fisi huuponda mfupa akaumeza, hana subira ya kuuchonga namna ile. Huyo alikuwa nungunungu, ambaye huokota mifupa mikavu popote, akaibeba hadi shimoni na kuiguguna ili meno yake yasizidi kukua. Hana haja na mbuzi. Tena hata shimo si lake. Lilichimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa; nungunungu ni mpangaji. Watu wakacheka, dumu likawekwa chini.

Shemeji hakucheka. Akauliza, "Sasa mbuzi wameuawa na nani, sisi?"

Swali lilikuwa la haki, na mume wangu alilichukua hivyo. Tukarudi zizini. Mbuzi walikuwa wameng'atwa masikioni na mapajani, ovyo ovyo, wala hakuna hata mmoja aliyepasuliwa tumbo. Alisema aliyefanya vile hakuwa na njaa. Ni mnyama aliyeshiba, aliyekuwa akicheza. Nyayo zilipenya pengo la uzio, zikakata uwanja, zikaenda moja kwa moja hadi getini kwa shemeji. Mbwa wake wawili walikuwa wamejinyoosha kivulini, manyoya ya mbuzi yamegandia midomoni.

Shemeji akamvuta kaka yake kando. Nilikuwa nimesimama hapo, na masikio yangu ni mazima.

"Kaka, sema fisi. Fisi hana ndugu wa kuja kulalamika."

"Nikisema fisi leo, siku nikisema kweli nani atanisikiliza?"

"Mimi ni damu yako."

"Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza."

Mume wangu akageuka, akawaambia wote waliokuwepo kwamba ni mbwa hao. Shemeji akalazimika kumlipa fundi mbuzi wake, na tangu hapo hakukanyaga kwetu. Msibani alikuja, akakaa na majirani. Mume wangu alipokwisha kuzikwa, hawezi tena kujibu, ndipo ukazuka huo wivu.

Juzi binti yetu aliletewa posa, na shemeji ndiye wa kuzungumza na wakwe kwa upande wa baba. Akamtuma wifi yangu na sharti: nitamke mbele ya ukoo kwamba marehemu alikosea, la sivyo ukoo mzima utabaki majumbani na wakwe watatukuta kama watu wasio na kwao.

"Maneno mawili tu, wifi," akanibembeleza. "Huko kaburini hasikii."

"Mimi nasikia," nikamjibu.

Lakini harusi si yangu. Nikamwita binti, aliyekuwa akipiga pasi chumbani, nikamweleza kila kitu mbele ya shangazi yake, bila kumwonyesha uso wangu unataka nini.

"Shangazi, mwambie baba mdogo apumzike," akasema. "Mama atanisemea. Amenyamazisha madarasa ya wavulana wenye ndevu, wakwe watamshinda?"

Wifi akacheka kabla hajajizuia. Kisha akakumbuka kilichomleta, akaaga na chai yake nusu kikombe.

Kwa hiyo nitasimama mimi. Wakwe wakiniuliza baba wa binti alikuwa nani, nitawaambia alikuwa bwana nyama, na aliposema ni mbwa, walikuwa mbwa. Anayetaka mengine amfuate mwenye mbwa. Kwangu hapati neno jingine.