Mpira wa Wageni

Katika nyumba zetu za Migori, kila mama alikuwa na vikombe vya wageni ambavyo wenye nyumba hawakuvigusa hata wakiwa na homa. Sisi wa karakana ya mgodi, miaka ile ya sitini, tulikuwa na mpira wa wageni.

Ulikuwa mpira mnene mweusi, wenye nyuzi ngumu ndani, wa aina iliyopeleka hewa ya kompresa shimoni kwa watoboaji miamba. Mkaguzi alipokuja kutoka Homa Bay, nyapara aliutoa stoo akiwa ameupangusa. Mimi niliujaza maji, nikaziba mwisho wake, nikapiga pampu mpaka mshale wa geji ukafika kwenye mstari mwekundu. Tulipima kwa maji kwa sababu mpira ukipasuka na maji unakulowesha tu. Ukipasuka na hewa unaruka na kuvunja mtu mbavu. Ule wetu haukupasuka kamwe. Ungepasukaje, na haukuwahi kushika kazi? Mkaguzi alitia saini, akanywa chai, akatusifu. Hakuna aliyeona kwamba tunamdanganya. Tuliona tunamheshimu.

Lakini baadaye mimi sikuweza tena kuona hivyo. Kaka yangu mkubwa alitoboa miamba kule chini, na mpira wake niliuona umevimba upande mmoja na kuzungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nilimwambia nyapara. Akanieleza kwa upole kwamba huo ni wa kutumia nyumbani. Nilikasirika hata nikakosa hamu ya kula, na mama akanichemshia dawa ya malaria.

Asubuhi mkaguzi alipotarajiwa tena, mipira ya shimoni ilikuwa imepandishwa juu kuoshwa tope. Niliubeba wa kaka begani, nikaufunga kwenye pampu. Nyapara alipotoka stoo na ule wa wageni mikononi, mkaguzi alikuwa ameshainama kutazama geji.

"Omera, ndugu yangu, hiyo si mpira ya wageni," nyapara alininong'oneza.

Nikapiga pampu. Mshale haukufika hata nusu. Mpira ulipasuka palepale kwenye tyubu, na soksi nyeupe za mkaguzi zikaloa. Nyapara aliomba radhi kwa ajili ya soksi. Mkaguzi aliamuru mipira yote ipimwe, na kazi ya shimoni ikasimama. Wanaume walirudi nyumbani wameninunia, kwa kuwa nilikuwa nimewaaibisha mbele ya mgeni.

Kaka alinuna kuliko wote. Jioni mama aliweka samaki mezani, akamshukuru Mungu kwa kirefu, kisha akamwambia kaka anishukuru na mimi. Nilijiweka sawa kwenye kiti, tayari kuipokea shukrani yangu.

"Ile tyubu niliifunga mimi mwenyewe," kaka alisema. "Nilijua mpira umekwisha."

Mama akamuuliza kwa nini basi hakuukataa.

"Ningeukataa, wangempa mwenzangu tunayetoboa naye. Yeye ana watoto, mama. Mimi sina mtu."

Alilisema hilo bila uchungu wowote, huku akichambua miiba. Mama, ambaye hakuwa na watoto wengine ila sisi wawili, aliinuka akaingia jikoni, na tukamsikia akilia.